Uliza Mwalimu wa Wadudu: Nyigu Hawa ni Ukoo Mmoja au ni Kazi Moja?

Mwezi huu barua za nyigu zimenijia kwa wingi, na karibu zote zimetoka upande huu wetu: Njoro, Webuye, Busia, Mbale, Ahero. Nimezoea kuulizwa juu ya vidukari na kupe, kwa hiyo nimefurahi. Nilifundisha kilimo katika shule za sekondari miaka thelathini na mmoja, na tangu nistaafu hapa Maseno, mikebe ya Blue Band yenye kitambaa cha chandarua mdomoni imejaa barazani kwangu. Ndani ya kila mkebe mna kiwavi fulani ninayemngoja nione kama atatoka nondo au atatoka nyigu. Nimeziweka barua hizi pamoja kwa sababu moja inafungua mlango wa nyingine.

*Mwalimu, salamu nyingi kutoka Njoro. Nilipasua bua la hindi lililonyauka katikati nikimtafuta bungua. Nilimkuta, ila alikuwa amelegea kama uzi, na kando yake palikuwa na vitu vyeupe kama punje za mchele zilizofungwa kwa pamba. Jirani anasema ni mayai yake na nichome mabua yote. Mwanangu aliye chuoni anasema ni nyigu. Nyigu ninayemjua mimi ni yule anayejenga darini na kunifukuza. Hawa wana uhusiano gani? Na wanauma?*

Mwanao amesema kweli, mama. Tafadhali usivichome.

Bungua hatagi. Yeye ni kiwavi, mtoto wa nondo, na mtoto hazai. Nondo mzazi hutaga nje, akiyaficha mayai kati ya bua na ala ya jani. Kwa hiyo ukiona vitu vyeupe ndani ya bua, ubavuni mwa bungua aliyelegea, hivyo ni vifukofuko vya hariri, na ndani ya kila kimoja kuna nyigu wa milimita 3 hivi anayejigeuza. Mama yao aliingia kwenye tundu la bungua kwa miguu, gizani, akapita katikati ya kinyesi chake, akamdunga na kumwachia mayai 30 hadi 40 kwa mkupuo mmoja. Bungua naye ana meno, na nyigu wengine huumwa mle tunduni wakafa. Aliyefaulu, watoto wake huishi kwa kunywa maji ya mwili wa bungua muda wa wiki mbili hivi, naye huku bado anatambaa na kutafuna bua lako. Kisha hutoboa ngozi yake wote kwa wakati mmoja na kusokota hariri. Baada ya siku tano au sita wanaruka kwenda kutafuta bungua wengine. Huko kwenu Njoro, kwenye baridi, bungua anayetawala ni Busseola fusca, na nyigu huyo kwa kila dalili ni Cotesia sesamiae, mwenyeji wa Afrika asiyeletwa na mtu.

Ninakusihi usichome kwa sababu mimi nilichoma. Mwaka 1994, nikiwa mwalimu kijana, nilisimama mbele ya kikundi cha akina mama huko Emuhaya nikawaambia kwa sauti kubwa kwamba vitu hivyo vyeupe ni mayai ya mharibifu. Wakavikusanya ungo mzima, tukavitia motoni. Miaka mitatu baadaye nilivuka ziwa kwa feri kutoka Luanda K'Otieno hadi Mbita, kwenye kituo cha icipe, shirika la utafiti wa wadudu, na huko fundi wa maabara akanipasulia bua kama lako na kunionyesha nyigu wakitoka. Nilirudi Emuhaya kuwaambia wale mama kwamba nilikosea. Mmoja akaniuliza, “Sasa mwalimu, tuliwaua wangapi?” Kila kifungu thelathini au arobaini, na ungo ulikuwa umejaa.

Sasa undugu. Nyuki, chungu na nyigu wote wako katika oda moja, Hymenoptera, wadudu wenye mabawa ya utando. Jina hilo lilitolewa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. Nyigu wengi wa kimelea aliowajua aliwaweka kwenye jenasi moja tu, Ichneumon, neno la Kigiriki lenye maana ya mfuata nyayo. Wagiriki walimwita nguchiro wa Misri kwa jina hilohilo, na nikimtazama nyigu akinusanusa jani huku vipapasio vyake vikitetemeka, naona jina lilimfaa: ni nguchiro kabisa juu ya nyayo za nyoka.

Baadaye wataalamu waliwagawa wenye kiuno chembamba mafungu mawili. Fungu la kwanza ni Aculeata, wenye mwiba wa sumu: nyuki, chungu, na huyo nyigu wa darini kwako. La pili ni Parasitica, wanaotaga juu ya wadudu wengine au ndani yao. Ni mgawanyo mwepesi kufundisha, na niliufundisha miaka mingi. Ila nasaba inaukataa. Ukifuata uzao wao, unakuta Aculeata walitokea ndani ya Parasitica. Nyuki, siafu na nyigu wa darini ni wajukuu wa nyigu wa kimelea. Mwiba wa nyuki ni mrija wa kutagia uliogeuka kuwa sindano ya sumu, na ndiyo sababu dume la nyuki haliwezi kukuuma: halijawahi kuwa na mrija.

Nenda Dunga, Kisumu, alfajiri mitumbwi inaporudi. Wote walio pale utawaita wavuvi, na hutakuwa umekosea. Lakini muulize kila mmoja ukoo wake: utapata koo nyingi, na utasikia kwamba ndugu wa tumbo moja wa huyu na yule yuko mjini anaendesha bodaboda. “Parasitica” ni neno kama “wavuvi”. Linataja kazi, halitaji ukoo.

Koo zenyewe ni nyingi, lakini mkulima akizijua mbili atatembea shambani kwa macho mapya. Ya kwanza ni Ichneumonoidea, yenye familia mbili kubwa, Ichneumonidae na Braconidae. Ichneumonidae peke yake ina spishi zaidi ya 25,000 zilizokwisha kupewa majina, kuliko ndege wote na wanyama wanyonyeshao wote duniani wakijumlishwa. Cotesia wako ni wa Braconidae. Je, mtu anazitofautishaje? Kwa mshipa mmoja. Kwenye bawa la mbele la Ichneumonidae kuna mshipa mdogo unaokatiza upande wa chini kuelekea ncha. Kwa Braconidae karibu wote mshipa huo haupo. Pale Mbita niliutafuta chini ya hadubini kwa nusu saa nzima. Nilipouona kwa mmoja na kuukosa kwa mwingine, nilikaa kimya. Wadudu wawili wanaofanana kama mapacha, na koo zao zimetenganishwa na kijistari ambacho jicho tupu haliwezi kukiona.

Ya pili ni Chalcidoidea. Hawa ni wadogo zaidi, wengi wanang'aa kijani au buluu kama chuma kilichosuguliwa, vipapasio vyao vimekunjika kama kiwiko, na bawa lao limebaki na mshipa mmoja tu au vipande vyake. Wengine hutaga ndani ya yai la nondo, na nyigu mzima hukulia humo. Mdudu mdogo kuliko wote wanaojulikana ni wa ukoo huu, dume la Dicopomorpha echmepterygis, lenye urefu wa milimita 0.139, lisilo na mabawa wala macho.

Kuhusu kuuma: Cotesia wako hawezi. Mshike kiganjani, atakutembelea tu.

*Mwalimu, sisi ni kikundi cha wakulima kumi na wanne hapa Webuye. Mjomba wa mwenzetu anaishi Kilifi, naye anasema huko waliletewa nyigu miaka ya tisini na bungua wamepungua. Je, akituletea mkebe mmoja kwa basi, watatufaa?*

Hawatawafaa, ndugu zangu, na barua hii ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa mzima juu ya nyigu.

Mjomba wenu hakosei kuhusu Kilifi. Mwaka 1993 icipe waliachilia Pwani nyigu aitwaye Cotesia flavipes, aliyetolewa Pakistan. Alitafutwa kwa ajili ya Chilo partellus, bungua aliyetoka Asia na kuenea kwenye mahindi na mtama wa nyanda za joto. Mgeni alifuatwa na adui wake wa nyumbani, na ilifanya kazi. Hapa kwetu kando ya ziwa Chilo yupo pia. Lakini Webuye, kadiri mnavyopanda kuelekea Kitale, bungua wenu mkubwa ni yuleyule wa Njoro, Busseola fusca. C. flavipes akimdunga Busseola, mayai yake hayaishi. Chembe za damu ya bungua huyazingira, huyafunika pande zote, yakafa.

Mtasema: basi tuletewe yule wa kienyeji, Cotesia sesamiae, naye si yuko Pwani pia? Yuko. Na hapa pana jambo ambalo mkulima haambiwi mara nyingi. C. sesamiae wa Pwani na C. sesamiae wa Kitale wana jina moja, sura moja, mshipa uleule kwenye bawa. Wa Kitale akitaga ndani ya Busseola, watoto wake hukua. Wa Pwani akitaga ndani ya Busseola huyohuyo, mayai yanafunikwa na kufa. Tofauti yao hamwezi kuiona hata kwa hadubini. Nyigu hawa wanapotaga humwingizia bungua, pamoja na mayai, virusi vinavyotengenezwa kwenye ovari zao wenyewe, na kazi ya virusi hivyo ni kuidhoofisha kinga ya bungua ili mayai yasalimike. Virusi vya wa bara na vya wa Pwani vimeonekana kutofautiana. Kila mmoja amebeba ufunguo wa kufuli la bungua wa kwao.

Kwa hiyo mkebe wa mjomba ungefika, mngewafungulia nyigu wenu kwa shangwe, wangefanya kazi yao kwa bidii, na msimu ungeisha bila mtoto mmoja kutoka kwenye Busseola. Mngesema nyigu ni uongo wa wataalamu.

Kuna la kuongeza. Baadhi ya waliokuwa wakiitwa C. sesamiae wamekutwa si C. sesamiae hata kidogo. Mwaka 2017 walitengwa na kupewa jina lao, Cotesia typhae. Wamekusanywa Kobodo, upande huu wetu wa magharibi, na pia Makindu kule mashariki. Chakula chao ni bungua wa aina moja, Sesamia nonagrioides, anayeishi kwenye mimea ya kinamasi kama Typha. Walikuwa hapa miaka yote, kwenye vinamasi tunavyopita tukienda sokoni, wakihesabiwa chini ya jina la wengine. Sasa watafiti wa Ufaransa wanawachunguza kwa hamu, maana Sesamia huyo ni mharibifu mkubwa wa mahindi kwao. Mwaka huohuo wa 2017 alitajwa mwingine, Cotesia icipe, aliyepatikana hapa Kenya kwenye viwavi wa mchicha, hiyo terere yetu. Baadaye alikutwa pia akimshambulia kiwavijeshi vamizi, ambaye naye alikuwa ameingia Kenya mwaka uleule. Nadhani tumshukuru aliyekaa na viwavi vya mchicha wakati hakuna mtu aliyejali.

Mnachoweza kufanya ni kuwaita wale mlio nao. Mwaka 1997 mtafiti Zeyaur Khan wa icipe na wenzake walionyesha kwamba nyasi iitwayo Melinis minutiflora, ikipandwa katikati ya mahindi, hufukuza nondo wa bungua na papo hapo huwavuta Cotesia sesamiae, kwa sababu harufu yake inafanana na kilio cha mmea unaotafunwa. Kazi hiyo ilifanyika hapa magharibi na ndiyo iliyozaa kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu hukandamiza pia kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na hapo Webuye sina haja ya kuwaeleza kayongo ni nini.

*Shikamoo Mwalimu. Ninasomea kilimo chuoni, nyumbani ni Busia. Kitabu cha maktaba kinasema nyigu aliyeokoa mihogo Afrika ni Epidinocarsis lopezi. Makala nyingine inasema Apoanagyrus lopezi. Mhadhiri wetu anasema Anagyrus lopezi. Niandike lipi kwenye mtihani? Na kwa nini wataalamu hawawezi kukubaliana?*

Marahaba, mwanangu. Andika Anagyrus lopezi. Majina yote matatu ni ya nyigu mmoja wa familia ya Encyrtidae, katika Chalcidoidea. Lopezi limebaki palepale. Kilichohamahama ni jenasi, jina la nyumba. Wataalamu walipolinganisha nyumba hizo upya waliona kuta kati yake hazikuwa za kweli, wakazibomoa. Yaliyotokea mwaka 2022 ni makubwa zaidi: familia ya Pteromalidae, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kama ghala la kutupia kila Chalcidoidea aliyekosa pa kukaa, iligawanywa na kutoa familia nyingi mpya. Wanafunzi wa miaka ijayo watakutana na vitabu vinavyogombana zaidi ya vyako. Vumilia. Jina likibadilika kwa sababu nasaba imejulikana vizuri zaidi, hiyo ni hatua mbele.

Lakini swali lako la pili linanichoma kidogo, maana naona umeanza kuamini kwamba majina ni ugomvi wa watu wenye nafasi. Hebu nikueleze hadithi ya muhogo huohuo. Kidukari wa unga wa muhogo, Phenacoccus manihoti, alionekana Afrika ya kati mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasambaa nchi baada ya nchi. Kwao ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo maadui wake walitafutwa huko. Upande wa kaskazini wa bara lile alipatikana kidukari wa muhogo aliyefanana naye sana. Nyigu wa huyo hawakufaa kitu. Alikuwa spishi nyingine, akaja kuitwa Phenacoccus herreni. Yule halisi alipatikana Paraguay mwaka 1981, na pamoja naye akapatikana lopezi. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo akiwa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Ibadan, Nigeria, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995; wakati huo alikuwa tayari ameshika uongozi wa icipe hapa kwetu.

Na sisi Wakenya tulikuwa na somo hilo mapema zaidi. Miaka ya 1920 kidukari wa unga alivamia kahawa upande wa Thika. Alitambuliwa vibaya: alidhaniwa kuwa spishi iliyokwisha kujulikana kwingineko. Maadui wakatafutwa Asia, wakaletwa, wakashindwa. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alimtangaza kuwa spishi mpya, leo Planococcus kenyae. Mara jina lilipopatikana, swali likabadilika: kama si wa Asia, kwao ni wapi? Kumbe ni Uganda, kwa jirani, hatua chache kutoka mlangoni kwenu Busia. Nyigu wa jenasi ileile ya Anagyrus waliletwa kutoka huko mwaka 1938, na kahawa ikapona. Miaka kadhaa ya kuvuka bahari kutafuta dawa iliyokuwa ng'ambo ya mpaka, kwa sababu ya jina lisilo lake. Mweleze mwenzako yeyote anayesema uainishaji ni kukariri Kilatini.

*Mwalimu, unawasifu hao Chalcidoidea, lakini hapa Mbale mikaratusi yetu michanga iliharibika, majani yakafura vinundu, na tuliambiwa ni nyigu. Mbona hutaji hilo?*

Nalitaja sasa, na una haki ya kuuliza. Nyigu huyo ni Leptocybe invasa, wa familia ya Eulophidae ndani ya Chalcidoidea hao hao. Asili yake ni Australia, kama mkaratusi wenyewe. Kenya alionekana kwanza hapa magharibi mwaka 2002, na alipewa jina la kisayansi mwaka 2004. Yaani alikuwa amekwisha kufika kwenye vitalu vyetu kabla hajaitwa lolote. Jike hutaga kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, mmea ukafura vinundu, na watoto wakala humo.

Ndugu zake wengi wa Eulophidae hula wadudu. Yeye anakula mti. Hapo unaona tena kwamba ukoo na kazi ni vitu viwili. Na dawa yake imetoka kwenye familia hiyohiyo: Selitrichodes neseri, Eulophidae mwingine, hutaga ndani ya vinundu na mtoto wake humla mtoto wa Leptocybe. Afrika Kusini walianza kumwachilia mwaka 2012.

*Hapa Ahero usiku huja kwenye taa mdudu wa rangi ya chungwa, miguu mirefu, kiuno kama uzi, tumbo limebanwa ubavu kwa ubavu. Watoto wanakimbia. Pia kuna yule mweusi anayejenga udongo ukutani na kujaza buibui. Wote ni wa kimelea?*

Wa taa, kwa maelezo yako, ni Ichneumonidae wa kundi la Ophioninae, na huenda ni Enicospilus. Huwinda viwavi wakati wa usiku. Ukimbana vidoleni anaweza kukuchoma kidogo. Usipombana hana habari nawe. Zima taa, atatoka.

Wa udongo ni Sceliphron. Yeye ni wa Aculeata, karibu zaidi na nyuki kuliko na Cotesia. Humdunga buibui akapooza bila kufa, akamfungia chumbani pamoja na yai moja. Wengi hawamweki katika hesabu ya vimelea kwa sababu hubeba windo na kulipeleka nyumbani, ila mtoto wake mezani hana tofauti kubwa na watoto wa Cotesia. Tafadhali msimbomolee. Mkibomoa lazima, fungueni chumba kimoja mbele ya watoto wahesabu buibui waliomo.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa gredi ya nane, Nakuru. Nataka kuweka mikebe kama yako. Nifanyeje, na nikipata nyigu nimpeleke wapi?*

Barua yako nimeisoma mara mbili, mwanangu.

Chukua mkebe wa plastiki mweupe, funika kwa kitambaa cha chandarua na mpira, weka karatasi ya chooni chini inyonye unyevu. Tia kiwavi mmoja tu pamoja na jani la mmea uleule uliomkuta akila, na ubadilishe jani kila siku. Usimhurumie kiwavi kwa kumpa jani la aina nyingine. Atakufa njaa jani likiwa mdomoni. Akitoka nondo, mwachilie au mweke, upendavyo. Wakitoka nyigu, wahesabu, kisha watie kwenye kichupa cha spiriti. Usiwachome pini, ni wadogo mno. Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na Njoro karibu nawe kuna Chuo Kikuu cha Egerton. Mwombe mwalimu wako wa sayansi akuandikie barua ya kwenda nayo.

Ila nyigu asiye na maelezo hana faida kwa mtu yeyote, hata akiwa spishi mpya. Ndani ya kichupa, si nje, weka kipande cha karatasi chenye mambo manne: tarehe, mahali, mmea, na kiwavi aliyetoka ndani yake. Kiwavi kama humjui jina, mchore, na ubakize ngozi yake kavu kwenye bahasha yenye tarehe hiyohiyo. Na uandike kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na nina vichupa vitatu hapa barazani, vya mwaka 1998, ambavyo karatasi zake sasa ni nyeupe tupu.